Aliyekosa wa Kumwosha Miguu

Mongina alikuwa mwanamke wa kambi ya wachuna chai, upande wa Kapkatet. Mgongo wake ulibeba watoto wengi kuliko aliozaa. Aliyemzaa ni mmoja tu, naye alimzika kabla hajajua kukaa. Baada ya hapo jirani yake Nyanchoka akamwachia Vinny, kitinda mimba wake. Walikuwa na utaratibu wao pale kwenye majani ya chai: mmoja akichuna, mwenzake humfunga mtoto mgongoni na kukaa naye kando ya barabara ya trekta, kisha wanabadilishana. Maziwa ya Mongina yalikuwa hayajakauka. Vinny akilia alimnyonyesha, na Nyanchoka alijua.

"Asante, dada," alikuwa akimwambia. "Mungu atakurudishia."

Ikaja mvua ya mawe, na baridi yake. Vinny akashikwa na kifua. Walimkimbiza hospitali, wakaambiwa ni nimonia. Hakurudi.

Hakuna aliyemnyooshea Mongina kidole. Ingekuwa heri. Kambini neno ni kama moshi: huoni umetoka mlango gani, lakini macho yanakuwasha. Kwenye bomba la maji wakasema watoto wawili si bahati mbaya tena. Wakasema yule mama ndani yake mna kitu, na kitu chenyewe kinatoka na maziwa. Nyanchoka alisogeza tu ndoo yake ikakaa mbali na ya Mongina.

"Wewe achana na midomo ya watu," mumewe, Gekara, akamwambia. "Si daktari alisema ni nimonia?"

Lakini Mongina alikuwa ameanza kuamini. Alijishika kifua akijiuliza ni nini kimelala humo. Akikutana na mtoto njiani alificha mikono nyuma. Hata kuomba akaacha. Angemkaribishaje Mungu katika nyumba yenye mpangaji mwingine?

Ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Katika kanisa lao, kabla ya kula mkate, watu huoshana miguu wawiliwawili, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Mongina na Nyanchoka walikuwa wakioshana tangu watoke kwao Kisii. Asubuhi hiyo Mongina alienda kwa sababu moja: Nyanchoka akikubali kumshika miguu, basi atajua hana kitu ndani.

Mzee wa kanisa, Orina, akafundisha. Akasema Mungu hakai kwenye mabati na matofali. Amejijengea ndani ya mtu, na mtu hata akijisahau, hata akijichukia, Yeye hajahama. Mongina aliyasikia, ila macho yake yalikuwa kwenye kitambaa cha kichwa cha Nyanchoka, viti vitatu mbele.

Wakatoka kwenda chumba cha nyuma. Dada Rodah, shemasi, akawa anazungusha mabeseni ya maji ya vuguvugu. Udongo wa huku hauna siri. Miguu ya kwanza tu na maji yakawa mekundu.

"Wee, mama! Maji hii imekuwa chai!" Rodah akasema. "Imebaki sukari tu!"

"Na maziwa je?" mwingine akadakia, kisha akamwona Mongina, akaumeza mdomo wake. Kicheko kikafia hapo.

Nyanchoka akampita Mongina na taulo begani, akapiga magoti mbele ya mke wa Orina.

"Na wewe, mwenzako ni nani?" Rodah akauliza.

"Sina."

Rodah akatazama huku na huku. "Mimi nimeshaoshwa tayari," akasema haraka. Akaweka beseni chini, mbali kidogo, akaenda.

Mlango ulikuwa wazi. Mongina akautazama. Kisha akalivuta lile beseni, akavua viatu. Nyayo zake zilikuwa zimepauka na kupasuka kwa gambuti za shambani zinazoingia maji. Akaziosha polepole, vidole, kisigino, kama mtu anayeogesha mtoto ambaye shingo yake haijakaza. Hapo mikono ikamkumbuka Vinny: ilivyompapasa kifua, ilivyomfunika kwa leso ya pili mvua ilipowakuta. Akaitazama mikono ile. Akakitafuta kile kitu walichosema, akashuka hadi chini kabisa ya moyo wake. Hakukikuta. Alikuta huzuni tu, na ndani ya huzuni alikuwamo Mmoja ametulia, asiyeshtuka kumwona, kana kwamba wamekuwa wakilia pamoja muda wote.

Wakarudi kanisani, na sahani ya mkate ilipomfikia, Orina akainama.

"Dada, nani amekuosha?"

"Nimejiosha, mzee."

"Huo si utaratibu wetu."

Sahani ikapita. Mongina hakutoka. Alikaa, akaimba na wenzake mpaka mwisho, machozi yakimtiririka.

Nje, akamfuata Nyanchoka uwanjani.

"Mama Vinny."

Wanawake wakageuka. Tangu mazishi hakuna aliyethubutu kumwita hivyo.

"Nilimpenda Vinny," Mongina akasema. "Nilimnyonyesha kwa roho safi. Sikumuua."

"Nani amekuuliza?" Sauti ya Nyanchoka ikakatika.

"Hakuna. Nimekuambia tu."

Nyanchoka akakaza leso kiunoni, akateremka bila kugeuka, na wengine wakamfuata. Mongina akasubiri watangulie. Kisha naye akashuka nyuma yao, peke yake, kwa maana njia ya kurudi kambini ilikuwa hiyo moja.