Kichupa Kimoja cha Mzee Herménégilde

Mzee Herménégilde, mtumishi aliyetufundisha maabarani katika chuo chetu cha Mutanga, alikuwa mkaidi ajabu, na mimi nilimpenda hivyo hivyo. Mwaka 1998 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimegawa hata madawati yetu. Wanafunzi wa upande huu hawakutaka darubini wala kichupa kilichoshikwa na wa upande ule. Yeye, kwa huruma zake, akaamua kila mmoja wetu apate kichupa chake cha seli za kuchunguza.

Alinunua mayai yaliyolaliwa na kuku kwa Adija, mfugaji wa Gasenyi. Akatoa mioyo midogo ya vifaranga vilivyomo, akatenganisha seli moja moja, akazigawa katika vichupa ishirini. Siku ya tatu tulichungulia. Kila seli ilidunda peke yake, hii mbio, ile polepole. Balaa! Kama kwenye mtihani wa Ijumaa tusingeonyesha seli zinazodunda pamoja, mwaka wetu wa masomo ungefutwa.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mzee alikiri mbele yetu.

“Ni kosa yangu, batoto. Nimezitawanya sana. Seli ya moyo inaleta nusu ya kijia, jirani yake analeta nusu ingine. Ni protini tu, lakini kama hazigusane, umeme wa moyo utapita wapi?”

Adija alikuwa amebakiwa na mayai manne. Mzee akayanunua, akatoa seli za mioyo, akazimimina zote katika kichupa kimoja.

“Mzee, tutaangalia bote mu kichupa moja?” mwanafunzi mwenzangu Loïc akanung'unika.

“Ee. Mwenye hataki, aende kwabo.”

Umeme wa mji ukakatika siku mbili. Mzee akakifunga kichupa kifuani kwa kitenge cha mkewe kisipoe, akafundisha nacho, akatukataza kumchekesha kisije kikatikisika. Tulicheka tu. Sijaona mwanamume akilea namna ile.

Ijumaa tukapanga foleni. Mbele yangu alisimama Valéry, ambaye kwa mwaka mzima sikumjibu salamu, kwa sababu tu ni wa upande ule. Hilo naliona aibu mpaka leo. Aliinama kwenye darubini. Kisha akanipisha.

“Ingrid, kuja uone. Zote zinapiga pamoja.”

Nikashika darubini ikiwa bado na joto la mkono wake, nikaziona.

“Asante, Valéry,” nikasema.

Mzee Herménégilde alitusikia, akalia mbele yetu sote.