Padi Niliyemkana

Mwanangu alirudi kutoka shule Jumanne ile ananuka mafuta ya taa. Harufu hiyo sikuwa nimeisikia siku nyingi, siku hizi sie ni mkaa na gesi, lakini pua haisahau. Ilikuwa viganjani, ilikuwa kwenye mikono ya shati, mpaka kwenye daftari la Hisabati. Nikamuuliza, "Padi, umeshika nini?"

Akaniambia choo cha wavulana kimejaa. Mwalimu alitaka mtu wa kwenda kumwaga mafuta ya taa shimoni ili harufu ikatike. Darasa zima likainamisha vichwa. Mwalimu akamnyooshea kidole yeye: "Padi, nenda wewe. Kwenu mmezoea. Babu yako si alikuwa chura?" Darasa likaangua kicheko. Kuanzia mapumziko mpaka kengele ya kutoka wenzake wakawa wanamrukia mbele, wamechuchumaa, kroo, kroo.

Kwa msioishi Dar: chura ni mtu anayetapisha vyoo kwa mkono. Kule uchochoroni ambako gari la maji machafu haliingii, yeye anaingia. Anaingia yeye mwenyewe, shimoni, na ndoo.

Hapo bado nilikuwa na subira, msione ajabu. Niliendelea kukuna nazi. Aliyenimaliza ni baba yangu. Alikuwa kibarazani kwenye kiti chake cha plastiki anahangaika na redio, kumbe anatusikia. Akamwita mjukuu wake, "Njoo hapa, babu." Akamnong'oneza, lakini Baba hajui kunong'ona, sikio lake moja limekufa: "Kesho wakikucheka, waambie babu yako si mie. Waambie babu yako ni yule Padi mwingine, diwani. Mie sitakusuta."

Nikaitupa nazi ukutani, na kifuu chake.

Hasira ilikuwa ya mwalimu, ndiyo. Lakini wacha niwaambie jambo ambalo hata mume wangu halijui. Nusu ya hasira ile ilikuwa yangu mwenyewe. Maneno yale Baba hakuyatunga siku ile. Aliyaokota kwangu, zamani, nikiwa darasa la nne, katika shule hiyo hiyo.

Mtaani kwetu Mwananyamala walikuwapo akina Padi watatu, na wote walitoka kijiji kimoja huko Singida. Padri aliyewabatiza alikuwa Mzungu wa Ayalandi. Watu wa kule wanasema alipenda sana jina la Patriki, mtoto wa kiume akifika bila jina tayari anaondoka nalo. Na kwao Ayalandi, alisema, hakuna anayepoteza muda kuita Patriki mtu anayemfahamu, anamwita Padi. Basi kijiji kikajaa Padi. Watatu wakafuatana mjini, mmoja akimpokea mwenzake, wakapanga vyumba mtaa mmoja, na kila mmoja akawa mtu wa watu kwa namna yake.

Wa kwanza alikuwa refa wa mechi za mchangani. Huyo alitembea na kipenga shingoni hata msibani, na nakumbuka harusi moja alikipuliza watu walipogombania pilau. Wa pili alikuwa diwani, bwana mwenye sauti nzito na shati la kitenge, ambaye hakuweza kukuuliza habari ya asubuhi bila kuinua mkono kama yuko jukwaani. Wa tatu alikuwa Baba. Ukisema Padi, watu walikuuliza: yupi, wa kipenga, wa kipaza sauti, au wa shimo?

Wenyewe hawakuitana Padi. Waliitana somo, kama wanavyoitana watu wa jina moja, na usomo wao haukuwa wa mdomoni. Kila mwaka, mwezi wa tatu, siku ya Mtakatifu Patriki, walikutana kwa mmoja wao, wakala kuku, na diwani akikaa mkeka mmoja na chura. Baba alisema, "Somo hamwaibishi somo." Alikuwa na maneno yake mengi. Lingine alilisema akiwa anaosha ndoo zake: "Wote wanakula, ila hakuna anayeuliza kinakwenda wapi."

Nami nilimpenda Baba. Nataka muelewe hilo kabla hamjanihukumu. Alikuwa akirudi kazini anapitia bafu la uani, anajisugua kwa ndimu na sabuni ya mche mpaka ngozi inang'aa, halafu ndio anatuita tumpe shikamoo. Akinukia ndimu. Ila chini ya ndimu palibaki mafuta ya taa, kidogo, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia na vidole vya miguu vinaonekana.

Mwaka ule wa darasa la nne nilihamishiwa mkondo mwingine, nikakaa dawati moja na msichana anaitwa Rehema. Baba yake alikuwa na duka la vipuri. Siku ya kwanza, tunanunua ubuyu getini, akaniuliza, "Baba yako nani?"

"Padi."

"Padi yupi?"

Wenzake wanne walikuwa wamesimama pale, midomo myekundu kwa ubuyu, wananitazama. Nikasema, "Diwani."

Nilisema kwa kinywa changu, na nilijua ninachosema.

Rehema hakuwa mjinga. "We mtoto wa diwani, mbona viatu vyako vinacheka?"

"Baba hapendi majivuno," nikamjibu.

Jamani, jibu lile lilinipa heshima! Wiki mbili zilitosha, hata walimu wakaanza kuniita binti wa Mheshimiwa. Nikapewa uongozi wa usafi. Uongo ukishapewa kiti haunyanyuki. Mie nikawa nauchukulia na maji ya kunywa.

Kisha mvua za masika zikashusha ukuta wa vyoo vya zamani. Vyoo vipya vikajengwa, na diwani akaalikwa kuvifungua. Mwalimu mkuu, mama mmoja mnene mwenye kupenda mambo yapangike, akaona ni vyema zaidi Mheshimiwa avishwe shada na binti yake mwenyewe. Aliniambia jioni, kesho yake ndio shughuli. Sikulala. Asubuhi nilijaribu kuumwa tumbo, Mama akanipa chai ya tangawizi na kunisukuma nje.

Nilichokuwa sijui ni kwamba lile shimo la zamani lilitakiwa litapishwe na kufukiwa kabla mgeni hajafika, na kazi ilikuwa imechelewa. Nilipoingia getini, upepo ulikuwa unatoka nyuma ya madarasa. Nikasikia mafuta ya taa.

Mwalimu mkuu alikuwa amewaambia mafundi wa shimo wabaki nyuma ya ukuta, wasitokeze mpaka wageni waondoke. Kipaza sauti kilifungwa juu ya mti wa mwarobaini, kinasikika mpaka barabarani. "Na sasa," akasema, "shada litavishwa na binti wa Mheshimiwa mwenyewe, tuliye naye hapa hapa shuleni kwetu!"

Nikatembea. Diwani akainama nimvishe. Alinifahamu tangu nimebebwa mgongoni. Mkeka wa kwetu alishaukalia mara nyingi. Akaniangalia, akaangalia kule nyuma ya madarasa ulikotoka upepo, akarudi kwangu. Nilikuwa nimelishika shada kwa nguvu mpaka maua yanadondoka. Akasema kwenye kipaza sauti, "Mwanangu huyu." Watu wakapiga makofi.

Yeye hakudanganya. Kwa watu wa somo, mtoto wa somo yako ni wako. Aliyedanganya ni mie.

Ingekwisha hapo ingekuwa nafuu. Lakini diwani akataka kuona na shimo la zamani. Mwalimu mkuu akamkatalia kwa adabu, "Mheshimiwa, kule utachafuka." Akaenda. Sie wa mapokezi tukafuata. Baba alikuwa amesimama kando ya shimo, suruali imelowa mpaka kiunoni, kamba begani.

"Somo!" diwani akaita, akanyoosha mkono.

Baba akaficha mikono nyuma. "Nimechafuka, somo." Akampa kiwiko, wakasalimiana hivyo. Nyuma yangu Rehema alikuwa ameziba pua kwa kola ya shati, anacheka, "Kroo."

Na mie nikacheka pia. Sikulazimishwa na mtu. Nilicheka ili nifanane nao.

Baba akanitazama. Diwani alikuwa ameshafungua kinywa, mpaka leo sijui alitaka kusema nini. Baba akamuwahi. Akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Hongera, somo. Binti yako amekua."

Diwani yule, bwana wa maneno, akaitikia kwa kichwa tu, akavua shada, akaondoka nalo mkononi.

Jioni Baba alirudi, akaoga, akatuita tumpe shikamoo. Nikampa. Akaitikia marahaba kama siku zote. Nilingoja fimbo, nilingoja amwambie Mama. Nikangoja siku, nikangoja wiki. Hakusema. Mie kwa akili ya mtoto nikaona nimepona. Nikaona labda mzee hakukasirika, au hakuelewa, kwa sababu shule aliishia darasa la pili. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mtu aliyeosha siri za mtaa mzima asijue kuficha ya mwanawe? Hilo sikulifikiri.

Kuanzia siku ile nilikuwa na bahati ya ajabu. Sikuwahi tena kukutana na Baba njiani nikiwa na wenzangu. Mwanzo ilikuwa ikitokea: tunatoka shule, yeye huyo, ndoo na kamba, natamani ardhi ipasuke. Sasa hata mara moja. Miaka mitatu mizima. Nikamaliza la saba binti wa Mheshimiwa.

Nilipata kujua haikuwa bahati nilipokuwa kidato cha pili. Padi Refa alikuja kumjulia hali Baba aliyekuwa na malaria, wakawa wanataniana kibarazani. "Somo, we mtu wa ajabu," Refa akasema. "Kazi iko Tandale, unazungukia makaburini! Kila nikikuona unakimbia njia ya shule. Unadaiwa?" Baba akacheka, akasema kule kuna kivuli. Mie nilikuwa nachambua mchele mlangoni. Nikahesabu. Kuzunguka kule ni zaidi ya nusu saa, na ndoo mbili begani, jua la saa nane. Kila akiona shati jeupe na sketi ya bluu, aligeuza. Miaka mitatu alibeba ndoo za watu, na juu yake akabeba uongo wangu.

Mngetegemea ningempigia magoti pale pale. Sikufanya. Niliendelea kuchambua mchele. Nikaja kuolewa, nikampa mwanangu jina lake, nikadhani jina litaomba radhi kwa niaba yangu. Jina halisemi, jamani. Kumbe yeye alikuwa bado yuko tayari kuzunguka, safari hii kwa ajili ya mjukuu.

Jumatano asubuhi nilikwenda shule. Mwalimu nilimkuta chini ya veranda anasahihisha. Kijana, hanizidi hata miaka mitatu.

"Mama Padi, ule ulikuwa utani," akasema. "Kwani nimesema uongo?"

Na pale, niwaambie ukweli, ulimi ulitaka kuteleza kama zamani. Nilisikia kabisa. Nikaukamata.

"Hujasema uongo. Alikuwa chura. Ndiye baba yangu. Kalamu unayo, nipe na karatasi."

Nikaandika pale pale, juu ya dawati, mbele ya walimu waliokuwa wanapita. Nikaipeleka ofisini, nikasimama mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hii ndiyo niliyoiandika:

*Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Shule.*

*YAH: MALALAMIKO YA KUDHALILISHWA MWANAFUNZI WA DARASA LA TATU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Jana mwanangu alitumwa kumwaga mafuta ya taa katika shimo la choo, bila glavu, kwa sababu babu yake alikuwa mtapisha vyoo. Naomba mwalimu aonywe kwa maandishi, na mtoto yeyote asitumwe tena kazi hiyo.*

*Pili, naomba mwalimu aje nyumbani kwetu ampe mzee shikamoo. Mzee huyo alitapisha vyoo vya shule hii miaka mingi, mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi hapa.*

*Tatu, katika shule hii, siku ya kufungua vyoo, nilimkana mzee huyo mbele ya mgeni rasmi na nikamcheka. Hakuna aliyewahi kulalamika juu yangu. Naomba na hilo liandikwe kwenye faili.*

*Wako mtiifu,*

*Veronika, binti wa Patriki, chura wa Mwananyamala.*