Mia Tatu Arobaini na Moja

Joram alikuwa bawabu wa aina ambayo kila jengo huomba lipate: viatu vinang'aa, majina ya wapangaji wa ghorofa zote kumi na mbili anayo kichwani, na usiku kucha macho kodo. Miaka sita alikuwa Doha, miwili ya mwisho kwenye meza hiyohiyo ya mapokezi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Lakini kulinda milango ya wengine kulikuwa kumemchosha. Kila Ijumaa alipanda basi hadi Al Mansoura kwa Chebet, Mkenya mwenzake aliyefanya kazi ya kompyuta, aliyewafundisha watu sita sebuleni kwake kuandika programu.

Ijumaa moja zoezi likawa jepesi: fungua faili la maandishi, hesabu herufi zake, nafasi na nukta zikiwemo, toa jumla. Chebet alikuwa amewaambia kila mtu aje na mafaili yake. Joram, kwa ujuaji wake, alikuja na ripoti za zamu za miaka miwili, alizozinakili kwenye flash kutoka kompyuta ya mapokezi.

Programu ikaanza kutema namba. 341. 342. 341. 342.

"Nimeharibu," akasema. "Inasoma mafaili mawili tu, inarudiarudia."

Chebet akaipitia mstari kwa mstari. "Iko fiti, Joram. Kila mara inafungua faili lingine. Angalia vile mmekuwa mkiandika."

Hakuhitaji kuangalia. Joram ni herufi tano, Kiptoo, mwenzake wa zamu ya mchana, ni sita, na tarehe haibadiliki urefu. Yaliyobaki yalikuwa yaleyale: lifti sawa, milango sawa, pampu ya maji ya kuzimia moto imekaguliwa, geji iko sawa. Siku yake ya kwanza pale, Henry, msimamizi wao kutoka Uganda, alimfungulia ripoti ya jana yake akamwambia, "Ssebo, badilisha jina na tarehe. Khalas, imeisha." Lifti na milango alikuwa akivizungukia kweli, Mungu shahidi. Pampu alidhani huikagua Kiptoo mchana. Akampigia Kiptoo simu papo hapo. Kiptoo alidhani hiyo ni kazi ya usiku.

Walikuwa wametegeana miaka miwili! Aibu ilimpanda Joram, kisha hofu ikaipiku. Akamkumbuka Phyllis, nesi wa ghorofa ya kumi na moja, ambaye kila akitoka zamu asubuhi humletea mandazi. "Mimi nikilala mchana ni kama nimekufa," Phyllis alizoea kusema. "Lakini nalala na amani, maana nyinyi mko."

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, Henry alipofika na gari la kampuni la kubadilishia zamu, Joram alimwomba ufunguo wa chumba cha pampu.

"Ufunguo gani?" Henry akauliza, wala hakuwa akitania. "Huo mlango sijawahi kuuona umefunguliwa."

Joram akafuta ripoti yote ya usiku huo, akaandika upya: Nimehesabu ripoti za miaka miwili, zote ni moja. Pampu haijakaguliwa. Ufunguo hatuna.

Henry akaisoma, akashusha sauti. "Na jina lako liko kwenye ngapi? Hapo unajiandikia tiketi ya kurudi kwenu. Rudisha ile ya jana, twende."

Ndipo Phyllis akaingia, macho mekundu kwa usingizi. Akaweka mandazi mawili mezani, akaingia kwenye lifti, akapanda kulala.

Joram akaituma ripoti ofisi kuu.

Gari likapiga honi mara mbili, likaenda zake bila yeye. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya kumi na moja, akaketi nje ya mlango wa Phyllis. Moto ukiwaka na maji hayapo, basi awepo walau mtu wa kugonga amwamshe. Kila iliponukia harufu ya mafuta ya kukaangia kutoka ghorofa za chini, alisimama.

Saa tano simu ikaita. Ilikuwa ofisi kuu. Joram akajiweka sawa kama aliyesimama mbele yao, majibu tayari mdomoni: mlango upi, upande gani, tangu lini.

Kuhusu pampu hawakuuliza neno.

"Hizo ripoti za zamani," sauti ikasema, "nani alikupa ruhusa ya kuzihesabu?"