Waya Kati ya Nyumba Mbili

Kiunga alikuwa fundi wa redio na televisheni pale soko la Kanyakine, na mimi nilishona nguo kibanda cha pili kutoka chake. Alikuwa mkaidi kupindukia. Ukimpelekea redio ukamwambia shida ni spika, angeanza na betri makusudi, ili ujue kwamba hujui kitu. Tulimcheka kwa hilo. Siku hizi sicheki.

Mwaka wa 1995 mwalimu Stephen aliugua ule ugonjwa ambao wakati huo hakuna aliyeutaja kwa jina. Ndugu yake, Mutugi, aliishi ng'ambo ya mibuni, hatua sitini hivi. Tangu utotoni walikuwa chanda na pete, lakini Kaari, mke wa Mutugi, alimkataza kukanyaga kwa mgonjwa, na Mutugi mwenyewe aliogopa. Aibu tupu! Lakini nani kati yetu alikwenda? Mimi nilipeleka uji mara mbili, nikauacha mlangoni.

Stephen alikuwa na gemu ya televisheni, zile za kaseti, yenye vishikio viwili vya kuchezea. Kiunga ndiye aliyepata wazo. Alivuta nyaya mbili juu ya mibuni hadi kwa Mutugi: mmoja wa kupeleka picha, mwingine wa kishikio. Basi gemu ikawa moja, televisheni mbili, na kila ndugu na kishikio chake nyumbani kwake. Nguzo alizikata kwenye ule mti tunaopanda mipakani, akazichomeka zikiwa mbichi, kama tunavyofanya sote. Kila nguzo aliizungushia waya mara mbili, akaukaza sawasawa.

Kila jioni walicheza mpira. Stephen akifunga bao alipiga kelele, na Mutugi akamjibu kutoka ng'ambo. Kwa miaka miwili hawakuwa na mazungumzo mengine, na tulizoea kuwasikia.

Kisha mvua ya Aprili 1997 ikaja, na wachezaji wa Mutugi wakasimama tu uwanjani. Stephen, ambaye sasa hakuweza kutoka kitandani, alimtuma shangazi yake Gladwell, aliyekuwa akimuuguza, amwite fundi.

"Fundi, Mutugi hachezi. Leo ni siku ya nne," Stephen alimwambia alipofika. "Hebu cheki waya kwanza."

Basi, kwa sababu ameambiwa waya, Kiunga akaanza na kaseti. Akaipangusa kwa spiriti. Akabadilisha adapta. Akajaribu kishikio kingine, kikafanya kazi vizuri. Saa nzima ikapita. Mwishowe alisimama mlangoni, mvua ikinyesha, akautazama waya. Ulikuwa unaning'inia mzima kutoka nguzo hadi nguzo. Hakutaka kulowa.

"Mwalimu, hapa kwako kila kitu iko sawa," alisema. "Na waya naiona, haijakatika. Ni huko kwa brother yako wametoa. Kaari amekuwa akisema sokoni ati hiyo ugonjwa inaweza pitia kwa waya."

"Mutugi ndiye ametoa?"

"Sasa nani mwingine?"

 Stephen akamwambia azime gemu.

Siku ya nane baada ya hapo, Mutugi alivuka mibuni kwa miguu yake, Kaari akimfokea nyuma. Alibisha mlango. Gladwell alimfuata Stephen kitandani kumuuliza, na Stephen akasema asifunguliwe. Mutugi alisimama pale mpaka akalowa chapachapa, kisha akarudi kwake. Siku tatu baadaye Stephen alifariki.

Wiki moja baada ya mazishi Kiunga alikwenda kuchukua waya wake. Kwenye nguzo ya tatu ulikataa kutoka. Ile nguzo ilikuwa imeota mizizi na matawi, imenenepa kama mguu wa mtu mzima, na gome lilikuwa limeumeza waya. Alichonga kwa kisu akaupata. Mpira wa nje ulikuwa mzima, lakini shaba ya ndani ilikuwa imebanwa ikakatika. Ulikuwa ule waya wa kishikio. Ule wa picha haukuwa na neno.

Mutugi alimkuta amechuchumaa hapo, na Kiunga akamwonyesha. Hilo sitamnyima: angeweza kufunga mdomo.

"Mimi ndio nilimwambia mwalimu umetoa waya," alisema. "Sikuja kuangalia. Ndiyo maana alikataa kukufungulia."

Mutugi aliushika ule waya, akaugeuzageuza.

"Picha ilikuwa inakuja," alisema. "Wachezaji wake walikuwa wanakimbia, wangu wamekataa. Nikafikiri ni kishikio yangu imeharibika, na nikaogopa kuja kuuliza. Lakini kila jioni nilibonyeza, fundi. Nilibonyeza tu, mpaka siku ile alizima."