Bibi Afya na Koti la Mchambuzi

Mtaani walimwita Mchambuzi, na yeye hakuwahi kuhisi kejeli yoyote katika jina hilo. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya fotokopi katika chuo cha biashara, kwenye chumba kidogo kilichobanwa chini ya ngazi. Karatasi zote za mitihani zilipita mikononi mwake zikiwa bado na joto. Kwa kuwa zilipita mikononi mwake, alijihesabu kuwa mmoja wa wahadhiri, na kwa kuwa alijihesabu mhadhiri, alikwenda kazini na suti. Chumba hakikuwa na dirisha na mashine ilitoa fukuto la kupikia mkate, lakini koti halikuvuliwa. Joto likizidi sana alifungua kifungo kimoja, tena baada ya kutazama huku na huku.

Hilo koti tulizungumze kwa adabu, maana ndilo lililotuleta hapa. Lilikuwa la sufu, jeusi, mabega yamekaa sawasawa, na bitana yake ya zambarau ilionekana kidogo tu pale mwenyewe alipotaka ionekane. Ukimuuliza amelipata wapi, alikohoa, akasema ni la ng'ambo. Hakudanganya. Ila kabla ya kufika mabegani mwake lilipitia kwanza juu ya meza ya Mama Makoti, mwanamke aliyeuza nguo za mitumba kando ya barabara, mbele kabisa ya duka la kinyozi. Mchambuzi alilinunua jioni moja ya mvua, njia nyeupe bila mtu, akamwomba Mama Makoti jambo hilo libaki baina yao wawili. Mama Makoti akakubali na hakumwambia mtu. Tangu siku ile Mchambuzi alipita mbele ya meza hiyo amenyoosha shingo kama mtu aliyezaliwa amevaa tai.

Kila jioni akitoka chuoni alipitia kwa kinyozi. Pale palikuwa na runinga juu ya rafu ya mafuta ya nywele, na benchi moja refu la wateja. Mchambuzi hakukaa kwenye benchi hata siku moja, kwa kuwa suti ingekunjamana. Taarifa ya habari ikianza yeye alisimama katikati ya duka na kuanza kuijibu. Alikuwa na la kusema juu ya bei ya mafuta, juu ya uchaguzi wa nchi ambazo asingeweza kukuonyesha kwenye ramani, na zaidi ya yote juu ya viatu vya mawaziri. Aliamini kabisa kwamba waziri anayekuja kusoma bajeti na viatu vilivyokanyagwa visigino, hata hesabu zake zimekanyagwa visigino. Wateja walicheka, kinyozi alizima mashine yake ili asikilize, na msomaji wa habari akaachwa anaongea peke yake.

Siku hizo habari kubwa ilikuwa amri ya halmashauri. Meza zote za kando ya barabara ziondolewe, wachuuzi wahamie eneo mbadala. Eneo lenyewe lilikuwa nyuma ya dampo, na hata waheshimiwa waliolichagua walifika pale wamepandisha vioo vya gari, wakageuza, wakarudi ofisini kusaini.

Mchambuzi alikuwa na msimamo. Waondoke, na waondoke leo. Ukimpa mtu muda, alisema, anaweka turubai. Ukimwacha na turubai anaweka bati, ukimwacha na bati anaomba umeme. Aliyasema hayo mlangoni pa kinyozi kwa sauti ya kuhutubia, hatua chache tu kutoka kwa Mama Makoti, ambaye alikuwa anakunja suruali na hakuinua kichwa. Kwa Mama Makoti halikuwa jambo la kuchambua. Ile meza ndiyo iliyomlea yeye na wanawe, na nyuma ya dampo hapiti mtu wa kununua hata kitambaa cha mkononi.

Ndipo kinyozi alipoleta habari njema. Kuna kipindi cha televisheni kinachozunguka mitaani kusikiliza wananchi, na Jumamosi kitakuja hapo hapo. Wameomba mtu mmoja anayejua kuongea, na yeye amewapa jina la Mchambuzi. Mchambuzi akafunga vifungo vyote vya koti. Miaka yote hiyo alikuwa anaongea na runinga, sasa runinga ilikuwa inakuja kuongea naye.

Ijumaa jioni alijiandaa kama bwana harusi. Viatu alivisugua mpaka akaona pua yake ndani yake. Tai alichagua nyekundu iliyokolea, kwa sababu ya buluu, alimweleza mkewe, humfanya mtu aonekane kama aliyeshindwa uchaguzi. Likabaki koti. Pasi hakuiamini, pasi huitia sufu mng'aro wa kimaskini. Alikuwa na njia yake mwenyewe: aligeuza koti ndani nje, akalilaza juu ya shuka safi kwenye rafu ya chini kabisa ya kabati ili lijinyooshe kwa uzito wake, kisha akaacha mlango wa kabati wazi kidogo ili lisinuke uvundo. Yeyote aliyewahi kuishi na paka ameshaona kosa liko wapi. Mchambuzi hakuliona.

Maana paka alikuwepo. Aliletwa na binti yao, binti akaolewa akaenda kwake, paka akabaki. Walimwita Bibi Afya, kwa kuwa kila asubuhi alipita jikoni kukagua sufuria moja baada ya nyingine, akanusa mifuniko, akaondoka hajaridhika. Mchambuzi hakumpenda. Manyoya meupe na koti jeusi havikai nyumba moja, alisema, lakini havikuwa na pengine pa kwenda. Siku za karibuni Bibi Afya alinenepa, na Mchambuzi akatoa uchambuzi wake mezani: kila anayepewa kazi ya ukaguzi hunenepa, ni jambo la kawaida katika uongozi. Mkewe, aliyezaa mara tatu, alimtazama paka, akamtazama mumewe, akaendelea kunywa chai.

Jumamosi asubuhi Mchambuzi alifungua kabati, na macho mawili ya njano yakamtazama kutoka rafu ya chini. Bibi Afya alikuwa amelala juu ya bitana ya zambarau, na ubavuni mwake kulikuwa na vitoto vinne vilivyolowana, macho yamefumbwa, vinanyonya. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umevifunika kama blanketi. Hali ya sehemu iliyobaki ya koti tusiieleze.

Mchambuzi alimwita mkewe kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwa waziri yeyote. Mama Watoto akaja anafuta mikono, akainama, akatazama.

"Mtoe basi," alisema. "Ukimpa muda ataweka turubai."

Mchambuzi alinyoosha mkono. Bibi Afya hakunyanyuka, alifungua kinywa tu na kutoa mlio mwembamba, na mkono ukarudi ulikotoka. Hapo Mchambuzi akatumia akili ya kiutawala. Alichukua boksi la karatasi za fotokopi, akalitandika magazeti, akalipeleka nyuma ya bafu, mahali penye kivuli ambapo paka hangemsumbua mtu. Kisha, mkono umevikwa soksi, akabeba kitoto cha kwanza mpaka kule na kukiweka ndani ya boksi. Aliporudi kuchukua cha pili alipishana mlangoni na Bibi Afya anakwenda zake, na kabla hajainama kabatini Bibi Afya alikuwa amesharudi, kitoto mdomoni, ameshika shingo ya mwanawe kwa meno bila kumuumiza. Akakilaza pale pale. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu paka alikaa akamtazama, si kwa hasira, kwa uchovu tu, na Mchambuzi akaona haya mbele ya mnyama.

"Lakini boksi ni zuri," alimwambia mkewe.

"Ni zuri," Mama Watoto alisema. "Ulimuuliza?"

Simu ililia, kinyozi anasema wenye kamera wamefika. Hapakuwa na koti lingine. Kulikuwa na sweta la nyumbani, la kahawia, limeliwa na moto kiwiko kimoja na limejaa manyoya meupe, kwa kuwa ndilo Bibi Afya alilolizoea kabla hajapanda cheo. Mchambuzi alilivaa juu ya shati na tai, akajitazama kwenye kioo, akavua tai. Alitembea njia nzima amekumbatia kiwiko chake.

Mtangazaji alikuwa binti mmoja mwenye miwani mikubwa na haraka nyingi. Kinyozi alipomwonyesha Mchambuzi, uso wa binti ukachangamka. Alilitazama sweta, akakitazama kiwiko, akasema huyu ndiye hasa wanayemtafuta. Akamshika begani, akamsimamisha mbele ya meza ya Mama Makoti, nguo zikining'inia nyuma yake, na Mama Makoti mwenyewe akaombwa asogee pembeni kidogo maana anaziba. Taa nyekundu ya kamera ikawaka.

"Baba, umeambiwa uondoke na meza yako. Utakwenda wapi?"

Mchambuzi alielewa mara moja. Amedhaniwa mchuuzi. Neno moja lingetosha kusahihisha, ila neno hilo lingemwondoa mbele ya kamera, na binti alikuwa na haraka. Tuseme ukweli kama ulivyo: hakunyamaza kwa huruma, alinyamaza kwa kuipenda ile taa nyekundu. Hotuba yake ya turubai na bati ilikuwa tayari ulimini, lakini haikuwa hotuba ya mtu mwenye sweta lile. Akafungua kinywa, na kilichotoka ni asubuhi yake.

"Mtu hahami na watoto ambao hawajafumbua macho," alisema. "Mnaleta boksi, mnaliweka nyuma ya bafu, mnasema ni eneo mbadala. Boksi ni zuri, sikatai. Lakini mliuliza? Pale mtu alipo ndipo penye joto. Mkimtoa atarudi. Mkimtoa tena atarudi, kwa mdomo, mmoja mmoja, na wala hatakuwa na hasira na nyie. Atakuwa amechoka tu."

Watu waliokuwa wanapita wakasimama. Mpiga kamera alisahau kutafuna kilichokuwa mdomoni. Mchambuzi mwenyewe alipojifuta jicho kwa kile kiwiko, unyoya mmoja mweupe ukabaki shavuni.

Jioni duka la kinyozi lilijaa mpaka nje. Alipotokea kwenye runinga, chini yake yakapita maandishi: MUUZA MITUMBA, BABA WA WATOTO WACHANGA. Benchi zima lilikufa kwa kicheko. Wakampigia makofi, wakamwita mchuuzi, wakamuuliza suruali anauzaje. Mchambuzi alijitia kucheka nao, lakini jicho lake lilikuwa pembeni ya picha, pale mkono wa mwanamke ulipoonekana unatundika sketi. Mkono tu, mwenyewe hakuonekana.

Mwenye mkono alikuwa amesimama mlangoni. Mchambuzi alijua sasa ndipo siri ya koti inatoka mbele ya watu wote, na alijua anastahili.

"Umesema vizuri, kaka," Mama Makoti alisema. "Ila nilikuwa nimesimama hapo hapo nyuma yako. Hakuna aliyeniuliza."

Hakutaja koti. Aliaga, akaenda kufunika meza yake. Aibu ilimpanda Mchambuzi kutoka nyayoni, na angeona afadhali mara mia kama angelitaja.

Jumatatu, akiwa chini ya ngazi na rundo la mitihani, simu ikalia. Alikuwa yule binti wa miwani. Watazamaji wamempenda mno, wanamtaka studio, uso kwa uso na mwenyekiti wa halmashauri. Aje vilevile, alisisitiza, na lile sweta. Mchambuzi akameza mate. Studio. Kiti cha kuzunguka, maji ya glasi, jina lake chini ya uso wake. Alimwomba binti apige tena saa za jioni, na siku nzima alitoa karatasi zimepinda.

Jioni alisimama mbele ya meza ya Mama Makoti, kungali kweupe, watu wakipita, hakutazama huku wala huku. Simu ilipolia aliiacha ilie mara kadhaa kabla ya kuipokea.

"Binti yangu, mimi napiga fotokopi chuoni," alisema. "Sijawahi kuuza hata soksi. Mwenye meza ni huyu hapa."

Akamnyooshea Mama Makoti simu. Mkono wenyewe haukutaka kuiachia, ikabidi Mama Makoti aivute kidogo.

Siku ya kipindi watu walibanana tena kwa kinyozi. Mama Makoti alikaa studio amevaa koti la kijivu alilolitoa mezani kwake, mikono mapajani, na mwenyekiti wa halmashauri kando yake aking'aa kuanzia kichwani mpaka viatuni. Mchambuzi alisimama katikati ya duka na sweta lake, kwa kuwa kabatini wapangaji walikuwa wameshafumbua macho na sasa walikuwa wanaipanda bitana. Alijitahidi kunyamaza, ikamshinda.

"Kola yake imekaa vibaya," alianza. "Na hapo angetanguliza kwanza takwimu, maana mtu kama yule ukimwendea hivi hivi..."

"Kaka," kinyozi alisema, "kaa chini. Tunasikiliza."

Mchambuzi alilitazama benchi na nywele zilizotapakaa juu yake. Hakuwa na suti ya kukunjamana. Akakaa.

Kwenye runinga Mama Makoti alikuwa anamgeukia mwenyekiti, taratibu, kama anayempa mteja bei. "Mheshimiwa, ulipokwenda kuliona lile eneo, ulishuka garini?"

Mwenyekiti alishika tai yake, akairekebisha, akairekebisha tena. Ilikuwa mara ya kwanza Mchambuzi kukaa kwenye benchi lile, na akagundua kwamba ukiwa umekaa, runinga inasikika vizuri zaidi.