Kila Adui Aliitwa Enoki

Kwa miaka sita, kila adui aliyeuawa katika kibanda umiza cha Nahumu, banda lake la kuonyeshea video pale Kitandililo, Makambako, aliitwa Enoki. Picha iwe ya Kichina au ya Kimarekani, adui ni Enoki. Nahumu alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake, akisikiliza Kiingereza cha picha na kuwamwagia watazamaji Kiswahili papo hapo, na msaliti alipotokea tu, alimbatiza jina hilo. Vijana wa Makambako walilizoea wakalipeleka mtaani: mtu akikuchongea kwa bosi, unasema fulani kanifanyia Uenoki. Hawakujua kwamba Enoki ni mtu mzima mwenye nyumba yake karibu na Igwachanya, kaka yake Nahumu wa tumbo moja.

Nahumu hakuwa mtu wa kusahau, na nani wa kumlaumu? Enoki alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anaheshimiwa kijiji kizima. Mwaka mmoja, Nahumu akiwa bado kijijini, alichoma shamba lake kabla ya mvua bila kufyeka njia ya kuzuia moto na bila kumwambia jirani yeyote. Upepo wa Oktoba ukauchukua moto, ukala misindano ya mzee Stanley, miti ya miaka kumi na minne. Barazani mwalimu alisimama na suti yake, akasema kwa huzuni kwamba aliyewasha ni mdogo wake. Mahakamani akarudia vilevile. Nani angembishia mwalimu?

Nahumu akala miaka miwili jela. Mama yao alifariki mwezi wa nane wa kifungo hicho, akazikwa akiamini kwamba kitinda mimba wake ndiye aliyeteketeza jasho la jirani. Nahumu alipotoka alikuta usharika umemtenga. Ili arudi kundini na kuisogelea meza ya Bwana, alitakiwa asimame mbele ya waumini atubu. Akasema hatubu dhambi ya mtu mwingine. Akabeba begi lake akahamia Makambako, na Kiingereza alichofundishwa utotoni na Enoki huyohuyo ndicho kikawa ugali wake.

Alhamisi moja dada yao, Lidia, alimjia na habari. Enoki ini limekwisha, na madaktari hawamfichi. Amekwenda mwenyewe kwa mchungaji, na Jumapili atasimama kanisani aseme kweli yote. Anaomba Nahumu awepo. Lidia alitegemea kuona machozi, lakini Nahumu aliendelea kufuta vumbi kwenye deki yake.

"Atasimama dakika tano," alisema. "Kina mama watalia, kwaya itaimba, mchungaji atamkumbatia. Watu watarudi nyumbani wakisema Enoki ni mwanamume. Na mimi, dada? Miaka yangu yote itakuwa sehemu ya ushujaa wake."

Lidia akaondoka.

Kesho yake Nahumu alijifungia na picha mpya, kwa sababu hakuwahi kutafsiri kitu ambacho hajakitazama. Ilikuwa sehemu ya tatu ya hadithi ndefu ya anga za juu, ambayo vijana walikuwa wameisubiri kwa hamu. Katika sehemu ya kwanza jemadari wa vyombo vyeusi aliiteketeza sayari nzima, kisha akawasingizia ndugu za binti mmoja rubani, nao wakanyongwa. Binti akamwinda picha mbili nzima, kwa njaa na majeraha. Sasa, mwisho kabisa, kombora likikielekea chombo cha binti, jemadari akageuza chombo chake akalikinga. Akatolewa anakata roho, akasema maneno machache, binti akamshika mkono akalia, muziki ukapanda. Hata binti aliyeshinda vita hakuonekana tena vizuri. Kamera ilibaki usoni kwa muuaji.

Nahumu alilipiga benchi teke. Picha tatu mtu anateseka, halafu dakika ya mwisho inanyakuliwa na yule yule aliyemtesa! Akaapa kwamba watu wake hawataisikia toba hiyo.

Jumamosi saa tisa alasiri kibanda kilijaa hadi mlangoni. Nahumu alitafsiri kwa ufundi kuliko siku zote, na Enoki akazomewa kila alipotokeza pua. Kombora lilipokuja, Nahumu akatangaza kwamba injini ya Enoki imezima, chombo kimeserereka chenyewe, na sasa anakufa huku anatukana. Watu wakashangilia. Kisha binti akapiga magoti na kuushika ule mkono, na shangwe zikapungua. Abel, fundi baiskeli asiyekosa picha hata moja, akauliza mbona steringi anamlilia adui. Nahumu akasema ni machozi ya furaha. Watu wakaguna.

"Hakusema hivyo," ilisema sauti kutoka benchi la nyuma.

Nahumu aliijua kabla hajageuka. Ndiyo iliyomfundisha kuhesabu kwa Kiingereza. Enoki alikuwa amekonda, macho ya manjano, koti limemzidi, Lidia amemshika kiwiko. Alikuwa amekaa saa mbili akisikiliza jina lake likiua, likidanganya na kuzomewa.

Nahumu akasimamisha picha, akairudisha nyuma kidogo. Akapita katikati ya watu akiburuta waya wa kipaza sauti, akamwekea mkononi.

"Tafsiri wewe, mwalimu."

Midomo ya jemadari ikaanza kucheza.

"Anasema, moto ule niliuwasha mimi," alisema Enoki. "Nikawasingizia wao, na nilijua ninachofanya." Akapumzika apate pumzi. Jemadari alikuwa ameshanyamaza, yeye akaendelea. "Mimi ndiye Enoki. Huyu anayewatafsiria ni mdogo wangu. Amefungwa kwa moto wangu, na mama yetu amekufa hajui."

Kwenye televisheni binti alianza kupiga magoti na muziki ukaanza kupanda. Nahumu akachomoa waya ukutani, kioo kikawa cheusi. Hata Abel hakudai amaliziwe picha yake.

Watu walipokwisha kutoka, Enoki aliuliza taratibu kama kesho atakuja.

"Nitakuja," alisema Nahumu. "Nitakaa benchi la mbele nisikie kila neno. Ukimaliza, nitatoka kabla kwaya haijaanza."

Na ndivyo alivyofanya. Enoki alisema yote, hakupunguza kitu, mzee Stanley akiwa ameinamisha kichwa. Mchungaji aliponyoosha mikono awaite ndugu wawili washikane mbele ya madhabahu, benchi la mbele lilikuwa na nafasi wazi. Nahumu alikuwa ameshafika nje, anafunga vifungo vya koti kwenye baridi. Aliwasikia wakilia ndani, na hasira ikampanda upya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumlilia yeye.

Hakuwasubiri. Akashika njia ya makaburini hadi kwa mama yake, akang'oa majani yaliyoota miguuni pa msalaba. Kisha akachuchumaa akamwambia kwa Kibena, mara moja tu, jina ambalo kwa miaka sita alikuwa akiwatangazia watu lisiowahusu.

"Mama, si mimi. Ni Enoki."