Uso wa Okello Motoni

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka harufu ya wino hunijia. Nilikuwa mjane mpya. Mume wangu Okello alizama ziwani akiwa amelewa, na watu wa kanisa wakawa wananong'ona kwamba amekufa vibaya na sasa yuko motoni. Mnong'ono, mwanangu, unalala na mtu kitanda kimoja.

Rafiki yake Ouma alikuwa msanii pale mtaani kwetu Kaloleni. Alikuwa akichonga picha za shairi la kale la Wazungu, la mtu aliyetembea jehanamu akiwa hai. Anachonga ubao, anaupaka wino mweusi, anaweka karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Nilipompelekea samaki nikakuta karatasi zimeanikwa kwenye kamba, upepo wa ziwa unazipepea, na wale watu wa motoni wanatembea polepole, kama ndotoni. Nikatembea nao. Mmoja wao alikuwa Okello.

Nikaliweka kapu la samaki chini. "Ouma, hata wewe umemtia motoni?"

"Shemeji, sikumhukumu," akasema. "Uso wake ndio pekee ninaoweza kuchonga nikiwa nimefumba macho."

"Basi mtoe. Mtoto wetu asije akamwona babake hapo."

Sasa ubao si kama simu yako hiyo, ambayo unafuta unavyotaka. Ulichokata hakirudi, unaweza tu kukata zaidi. Ouma akachukua patasi akaukata uso wote, kazi ya siku nyingi, bila kununa. Akapaka wino, akasugua, akabandua karatasi. Palipokatwa wino haushiki, kwa hiyo katikati ya giza lile lote, pale aliposimama Okello, palikuwa peupe kabisa. Nililia huku nikicheka. Tangu siku hiyo nikaanza kupata usingizi.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi wewe uliye hai usijipe kazi ya kupanga nani anaungua. Na jambo likikuuma, mwendee mwenye nalo umwambie kwa kinywa chako. Ningebeba kapu langu nikaondoka nimenuna, ningempoteza mume na shemeji pia, na Okello angekuwa anaungua mpaka leo kwenye kuta za watu walionunua picha zile.

Haya, nenda. Nyasaye, Mungu wetu, akutunze, mwanangu, na akupe watu watakaokusema vizuri siku ambayo huwezi tena kujitetea.